Nani Kasema Ni Takataka?

Sisi vijana tunaojiita wasanii tuna tabia moja ya kipuuzi, nami leo naomba niiseme bila kuipaka asali. Mtu akishaanza kuijua kazi kidogo, akishapata mteja mmoja wawili, kitu cha kwanza anachokionea haya ni kazi yake ya zamani. Mwandishi anachana daftari. Mwimbaji anaikana kanda yake ya kwanza. Mchoraji, ambaye ndiye hasa ninayemsema hapa, anachukua vibao vyake vya miaka ile, anavipiga msasa, anavipaka nyeupe, kisha anachora tembo. Ukimuuliza anakujibu kwa fahari kabisa: "Nimekua, bwana. Zile zilikuwa takataka."

Nani kasema ni takataka? Hilo ndilo swali langu, na sitaki kujibiwa kwa mkato.

Ninaye mtu ninayemfahamu hapa Karatu. Jina lake silitaji maana hajaniruhusu, na akisoma haya pengine tutanuniana mwezi mzima. Si mchoraji wa chuo. Alijifunza kwa kuangalia na kwa kukosea. Mchana anauza duka la vifaa vya ujenzi, jioni na Jumapili anachora. Mwaka huu alikuwa anahamisha vitu vyake kutoka kwa wazazi wake, upande wa Rhotia, akakuta chini ya kitanda vibao 17 vya hadibodi alivyochora kati ya mwaka 2008 na 2012, enzi za sekondari. Akavipanga ukutani, akavikagua kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha. Vilivyofaulu: viwili. Vilivyobaki 15 hukumu yake ni kupakwa rangi upya, kwa sababu hadibodi ni ghali na msimu wa wageni haumsubiri mtu.

Mimi nilivitazama vyote 17. Sasa ndugu msomaji, sikiliza vile viwili vilivyofaulu. Cha kwanza ni machweo: jua jekundu kama nyanya iliyopitiliza, mgunga mmoja, twiga wawili shingo zimepishana, na chini yao maandishi "Ngorongoro Crater". Cha pili ni Mmasai mrefu kama mlingoti wa bendera, mwembamba kama fimbo aliyoshika, hana uso. Hivyo ndivyo alivyosema "vina kiwango". Na vyote viwili ni vya mwaka 2012, yaani alipokwisha kuanza kuigiza picha zinazoning'inizwa kwenye kamba kando ya lami, kwa ajili ya magari yanayopandisha kwenda geti la Lodoare.

Tuanze na hao twiga. Ndani ya kreta ya Ngorongoro hakuna twiga. Si kwamba ni adimu, la, hawamo. Eneo lenyewe ni kama kilometa za mraba 260, ukuta unashuka mita 600 hivi, na humo wamo tembo, faru, nyati, simba, nyumbu, pundamilia, wote hao, lakini twiga utamwona nje, huko juu na kwenye mbuga za kuelekea Serengeti. Kila dereva wa watalii anajua. Kila mtoto wa Karatu aliyewahi kupelekwa kreta na shule anajua. Na huyu rafiki yangu anajua vizuri kabisa! Nilipomwambia alicheka, akasema, "Mgeni anataka twiga, we vipi?" Basi kibao chenye uongo anaoujua mwenyewe ndicho kilichofaulu mtihani wake. (Nimeona pia picha za kreta zenye mlima Kilimanjaro nyuma. Kilimanjaro, jamani, uko zaidi ya kilometa 150 kutoka hapa. Siku moja tutachora na Bahari ya Hindi.)

Sasa njoo kwenye vile vilivyofeli. Kimoja ni lori la vitunguu vya Mang'ola limenasa kwenye tope letu jekundu. Vijana wanasukuma, matope hadi magotini, na konda amekaa juu ya magunia anaelekeza kwa kidole. Magurudumu si duara, nakubali, moja lina umbo la kiazi kabisa. Lakini yule konda! Mabega yake tu yanakuambia kwamba hana nia ya kushuka. Kingine ni foleni ya maji. Ndoo za njano, za bluu, za kijani, zimechorwa kwa uangalifu kuliko wenye ndoo, na ukihesabu utakuta ndoo ni nyingi kuliko watu, maana nusu ya wanawake wameziacha ndoo zikiwashikia nafasi wakaenda zao shamba. Nani angelijua hilo kama hajawahi kutumwa maji na mama yake? Kingine ni mfanyakazi wa loji anasubiri usafiri alfajiri. Sare nyeupe, juu yake koti kubwa la mtu mwingine, ukungu umemla miguu.

Na kipo cha tembe la bibi yake. Hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Kwa wasiojua: sisi Wairaqw, tunaoitwa Wambulu na majirani, zamani tulijenga nyumba kwa kuchimba ubavu wa kilima. Paa la miti linafunikwa udongo, majani yanaota juu, na anayetokea upande wa mlimani anaweza kukanyaga paa asijue kama chini yake wamelala watu na ng'ombe wao. Wazee walifanya hivyo kujificha na wavamizi wa mifugo. Leo nyumba za namna hiyo zimebaki chache mno. Ya bibi yake ilikuwa imekwisha kuwa ya mbuzi na kuni, yeye mwenyewe amehamia kwenye bati, ila kupika aling'ang'ania kupikia mle mle. Baadaye mvua ikaliporomosha tembe, na bibi naye hatunaye.

Yule mtoto wa kidato cha pili alilichora akiwa amesimama upande wa juu. Kwa hiyo unaona nini? Unaona kilima. Unaona mbuzi mmoja anakula majani. Unaona moshi unatoka ardhini. Basi. Mlango hauonekani, ukuta hauonekani. Na mwenyewe leo anakikataa kwa sababu gani? "Nyumba yenyewe haionekani," ananiambia. Kha! Si ndiyo maana yake? Nyumba ilijengwa isionekane! Mtoto yule, kwa rangi za kupakia milango na brashi iliyonyonyoka nywele, aliielewa nyumba kuliko mtu mzima huyu anayejua kuchora vivuli.

Simwambii asizikague kazi zake za zamani. Mchoraji asiyerudi nyuma kutazama alikotoka ni mchoraji mvivu, na mwandishi vivyo hivyo. Ugomvi wangu ni kuhusu macho aliyotumia kukagulia. Hakutumia yake. Aliazima macho ya mgeni anayelala Karatu usiku mmoja, anaamka saa kumi na moja, anashuka kreta, na jioni anataka kitu chepesi cha kuviringisha kwenye sanduku. Mgeni huyo simlaumu. Ametoka mbali, ana pesa yake, anunue anachopenda. Lakini tangu lini mpita njia akawa ndiye msahihishaji wa mitihani yetu?

Wapo watakaonirukia na jina la Tingatinga. Watasema, wewe mwandishi unajifanya mjuaji, uchoraji wa kuuzia wageni ndio uliomtoa Edward Saidi Tingatinga. Sawa, tuseme ukweli wote basi. Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, hakuingia chuo chochote cha sanaa, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, kwenye hadibodi, kwa rangi za mafuta za madukani, na ni kweli wateja wake wakubwa walikuwa wageni wa Oyster Bay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi akafa. Miaka minne tu ya kazi! Ndugu zake na wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Lakini tazama vibao vyake mwenyewe, hata kwenye vitabu: mnyama mmoja, mkubwa, amejaa kibao chote, anakutazama kama anakudai. Hakuna mwingine aliyekuwa akichora vile. Leo hao wanyama wamenakiliwa mara maelfu, kuanzia Dar hadi Mto wa Mbu hapo chini, na vile vibao vyake vya kwanza, ambavyo siku zile viliuzwa kwa vijisenti, ndivyo wakusanyaji wa Ulaya na Japani wanavyovitafuta kwa udi na uvumba. Sasa niambie, tukimfuata Tingatinga tufuate nini? Twiga wake, au ile jeuri yake ya kuchora kama ambavyo hakuna mwingine aliyechora? Kibao cha tembe ndicho cha Kitingatinga. Kile cha machweo ni cha kamba.

Lipo jibu lake moja ambalo sina haki ya kulidharau. Aliniambia, "We unaandika, karatasi bei rahisi. Hujui ubao unauzwaje." Kweli. Karatasi nzima ya hadibodi, ukatiwe vipande, ununue rangi, ununue na mafuta ya kuoshea brashi, siku za duka lake zinakwenda hapo. Na yeye ana watoto. Umaskini wa vifaa umezika picha nyingi duniani, hata za wakubwa. Vincent van Gogh alikuwa akichora juu ya picha zake mwenyewe kwa kukosa pesa ya turubai. Mwaka 2008 wataalamu walimulika picha yake moja ya majani kwa mionzi, wakakuta chini yake uso wa mwanamke mkulima. Uso mzima! Huyo huyo Van Gogh, mwaka 1887, akiwa Paris, rangi zake zimekwisha kung'aa na mkono umekwisha kukomaa, alimwandikia dada yake kwamba katika kazi zake zote ile ya wakulima wanaokula viazi, ya mwaka 1885, nyeusi kama sufuria, bado aliiona ndiyo bora. Na karibu na mwisho wa maisha yake akaomba atumiwe michoro yake ya zamani ili airudie. Huko ndiko kurudi ninakokusema mimi. Alirudi kutafuta alichokiacha njiani.

Hilo la kuchora juu lina utetezi mwingine, na rafiki yangu si mjinga, alinitolea. Akasema, "Hata kule Kondoa mbona walichora juu ya za wenzao?" Nilifurahi kusikia hivyo maana sasa tulikuwa tunabishana kweli. Ni kweli, kwenye miamba ya Kolo na kwingineko Kondoa, eneo ambalo tangu 2006 limo katika orodha ya urithi wa dunia, utakuta swala mwekundu, juu yake mtu mwenye kichwa cha ajabu, juu yake tena alama nyeupe za watu waliokuja baadaye sana. Maelfu ya miaka juu ya jiwe moja. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili mistari hiyo, na kazi ya kutenganisha ya chini na ya juu haikuwa ndogo. Lakini kumbuka kitu kimoja: wale wazee hawakukwangua kwanza. Ya chini iliachwa ichungulie. Aliyekuja nyuma alijua kuna aliyetangulia, na wote wawili wakabaki ukutani. Kuna sehemu huko ambazo mpaka siku zetu watu bado huenda kutambika na kuomba mvua, mbele ya michoro hiyo hiyo ambayo hakuna anayemjua mchoraji wake. Msasa na rangi nyeupe ni kitu kingine kabisa, jamani. Tusisingiziane na Warangi bure.

Nikirudi kwetu waandishi, maana hili ni gazeti letu na lawama si ya wachoraji peke yao. Euphrase Kezilahabi alitoa "Rosa Mistika" mwaka 1971, kijana wa miaka 27. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, kikasemwa vibaya, baadaye kikarudi shuleni. Ukiisoma halafu ukasoma "Nagona" ya mwaka 1990, utadhani ni watu wawili tofauti, kwa jinsi alivyokwisha kuhama. Angekuwa na akili zetu hizi za leo, angesema ile ya kwanza ilikuwa ya kitoto, iondoeni. Sisi tungekosa nini? Ngũgĩ wa Thiong'o alifanya jambo la namna nyingine: riwaya yake ya Kiingereza ya mwaka 1967, "A Grain of Wheat", aliirudia na kuitoa ikiwa imerekebishwa mwaka 1986, kwa sababu mtazamo wake wa siasa ulikuwa umebadilika. Lakini toleo la kwanza lipo maktaba, unaweza kuyaweka mawili mezani ukamkamata mahali alipobadili mawazo. Hakumfuta yule kijana. Alibishana naye hadharani.

Halafu kuna upande wa pili, ambao nao sikubaliani nao hata kidogo. Hawa ni wale wanaosema mchoro wa mtoto daima ni safi, ni wa asili, usiguswe, kwamba shule na soko vimetuharibu na tungerudi tuchore kama tulipokuwa na miaka kumi. Maneno matamu ya watu walioshiba. Katika vile vibao 15 vimo vibovu vya kweli. Kuna simba anafanana na mbwa aliyevalishwa wigi. Kuna mchezaji mpira aliyenakiliwa kutoka kwenye kalenda, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine na si kwa makusudi. Kuna vingine vitatu vya maua. Hivyo nilimwambia apake, apake hata leo, na nitamshikia kopo. Mkono wake wa sasa ni bora mara kumi, anajua mwanga unaangukia wapi, anajua ng'ombe ana viungo vingapi. Nasikitika tu kwamba mkono ulipojifunza kuchora, jicho lilianza kulala, na yeye amelipandisha cheo lile lililolala.

Na hapa kwetu kulala kwa jicho kuna gharama kuliko kwingine. Nitaeleza kwa kibao cha ng'ombe.

Hicho ni kile ambacho mwenyewe anakiita "kichafu". Ng'ombe wanapanda ukuta wa kreta jioni, mmoja nyuma ya mwingine, vumbi limefunika nusu yao, kijana mmoja wa Kimasai yuko nyuma kabisa ameinama kama mtu aliyechoka, si kama mlingoti wa bendera. Mbingu haimo kwenye picha, ni ukuta mtupu hadi juu, kwa kuwa mchoraji alikuwa chini. Aliwaona siku ile mjomba wake dereva alipompakia, akaenda kuchora usiku kwa taa ya chemli. Mwaka 2009, kimeandikwa nyuma.

Sasa fikiria historia. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ikiwa ya watu na wanyama pamoja, wakiwemo Wamasai walioondolewa Serengeti. Waliokuwa na maboma chini ndani ya kreta walitolewa mwaka 1974. Kilimo kikakatazwa 1975, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena 2009. Mifugo iliendelea kuruhusiwa kushuka kreta mchana kulamba chumvi na kunywa maji, jioni irudi juu. Kufikia 2017 njia hiyo nayo ilikuwa imefungwa. Na kuanzia Juni 2022 familia zikaanza kuhamishiwa Msomera, Handeni, mabishano yake mnayajua, na kila mtu ana upande wake. Mimi wangu siusemi hapa kwa sababu si hoja yangu leo. Hoja yangu ni kwamba yale maandamano ya jioni, ng'ombe wakipanda ukutani na vumbi lao, hayapo tena. Mtoto aliyezaliwa Karatu 2017 hajayaona na hatayaona. Katika picha zote zinazoning'inia kwenye kamba kutoka mjini hadi getini sijaona hata moja yenye ng'ombe ndani ya kreta. Watalii waliokuwa na kamera nzuri walisubiri ng'ombe wapite ndipo wapige pundamilia. Kwa hiyo kuna kibao kimoja, futi mbili kwa mbili, kichafu, kilichochorwa na mtoto wa Rhotia kwa rangi ya milango, kimeegemezwa ukutani kinasubiri msasa ili kiwe twiga.

Mimi nimemaliza kubembeleza, nikaingia kwenye biashara. Nimemwambia: nipe cha tembe, cha ng'ombe, cha lori, cha foleni na cha mtu wa loji, mimi nitakuletea vibao vipya vitano vilivyokatwa saizi ile ile, na viwili vya nyongeza. Nikampa na masharti, kwamba nyuma ya kila kimoja aandike alichorea wapi na alikuwa anatazama nini, na vibaki kwa mama yake, siyo kwangu, vikiwa vimeinuliwa kutoka sakafuni maana Rhotia ina unyevu na mchwa hawachagui. Mwaka 1997 moto uliteketeza kazi nyingi za Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Elimo Njau kule Nairobi, huyu mzee mzaliwa wa Marangu. Moto hauombi ruhusa. Lakini msasa unashikwa na mkono wa mwenyewe.

Hadibodi nimekwisha kununua, zipo nyumbani zimefungwa kwa kamba. Yeye hajajibu. Jana nilipita dukani kwake akaniambia kile cha lori amekwisha kukipaka nyeupe, koti la kwanza, na Jumapili ndiyo anaanza na cha ng'ombe. Leo ni Alhamisi.